Kabla Hujasaini Mkataba wa Kipande cha 5G

Tarehe 6 Mei 2023, Mfalme Charles III alipokuwa akivikwa taji jijini London, barabara za katikati ya jiji zilifurika watu, na karibu kila mmoja alikuwa na simu mkononi. Hali kama hiyo ndiyo huiua intaneti: umati ukipiga picha na kuzituma kwa pamoja, minara huelemewa. Hata hivyo shirika la habari la ITN lilirusha picha zake moja kwa moja kupitia mtandao wa simu wa Vodafone, kwa sababu kampuni hiyo ilikuwa imelitengea kipande chake ndani ya 5G. Umati ulikuwa na sehemu yake, kamera zilikuwa na yake, na mtandao ni uleule.

Wahandisi husimulia jambo hilo kama ushindi wa ufundi, na wana haki. Ila masafa hayaongezeki kwa kukatwa vipande. Anachoongezewa mmoja kimetoka kwa mwingine, na huyo mwingine mara nyingi hakuwepo mkataba ulipoandikwa. Ndiyo maana anayenunua kipande akiuliza ukubwa wake tu, ameuliza nusu ya swali. Nusu iliyobaki ni kanuni ya kugawana siku wapangaji wote, yaani wenye vipande, watakapobisha hodi kwa wakati mmoja.

Biashara hii imeshaanza. Nchini Marekani, T-Mobile ilileta mwaka 2024 huduma iitwayo T-Priority, kipande cha zimamoto, polisi na magari ya wagonjwa. Kwetu, Vodacom Tanzania na Safaricom ya Kenya zilizindua 5G mwaka 2022, na mahali 5G ilipofika, wauzaji wa vipande hawachelewi kufuata. Mkuu wa TEHAMA wa hospitali, mhandisi wa bandari au meneja wa SACCOS yenye matawi mengi anaweza kuletewa karatasi yenye maneno matamu kuhusu "mtandao wako binafsi". Mwongozo huu ni wa kumsaidia kuisoma karatasi hiyo. Mteja wa bando la kawaida naye ana fungu lake huko chini, maana anakaa chini ya mnara huohuo.

Kinachogawanywa hasa

Mnara hugawa vitu viwili, masafa na muda. Masafa hukatwa mikanda myembamba, muda hukatwa vipindi vifupi, na ukanda unapokutana na kipindi hupatikana kitalu kimoja. Katika 5G yenye upana wa megahezi 100, kwa mpangilio unaotumika sana, kuna vitalu 273, na vyote hugawiwa upya kila nusu milisekunde. Mara 2,000 kwa sekunde programu ya mnara inaamua nani apate kipi.

Hapa ndipo wanunuzi wengi huteleza. Kitalu ni nafasi ya kupakia, na mzigo unaoingia humo hutegemea simu iko wapi. Simu iliyo karibu na mnara bila kizuizi inaweza kubebeshwa biti 8 katika kila alama ya redio. Iliyo pembezoni, nyuma ya kuta mbili na bati, hubebeshwa biti 2, na sehemu ya hizo huliwa na kinga ya makosa. Kitalu kilekile kimoja kinaweza kutoa mara nne, au zaidi ya hapo, kwa mtu mmoja kuliko kwa mwingine.

Kwa hiyo ahadi ya asilimia 20 ya vitalu na ahadi ya megabiti 100 kwa sekunde ni mikataba miwili tofauti kabisa. Ukiahidiwa asilimia, hatari ya kuwa mbali na mnara ni yako: watumishi wako wakikaa kwenye jengo la chini lenye zege nene, vitalu utapata ila mzigo hautafika. Ukiahidiwa megabiti, hatari hiyo inahamia kwa kampuni ya simu, nayo itawamwagia jirani zako. Gari moja la wagonjwa lililo ukingoni mwa eneo la mnara, likidai megabiti zake kamili za picha, linaweza kula vitalu ambavyo vingehudumia mtaa mzima ulio karibu. Si kosa la dereva. Ndivyo mkataba ulivyoandikwa.

Kuna jambo jingine la kukagua mapema, na halihitaji hesabu. Vipande vya kweli vinataka 5G iliyosimama yenyewe, yenye kitovu chake, yaani mitambo ya kati inayoendesha mtandao. 5G nyingi za mwanzo zilijengwa juu ya kitovu cha 4G, na huko unachoweza kuuziwa ni kipaumbele tu, yaani data yako kupangwa mbele kwenye foleni. Kipaumbele kina faida yake, lakini kisiuzwe kwa jina na bei ya kipande. Simu nazo ziwe na uwezo: kwa upande wa Android, uwezo wa kupeleka programu za kazini kwenye kipande chake ulianza na toleo la 12.

Namba tatu za kudai

3GPP, muungano wa mashirika ya viwango unaoandika kanuni za mitandao ya simu duniani, uliingiza vipande katika toleo lake la 15, lile la kwanza la 5G, mwaka 2018. Kanuni zake za usimamizi wa redio zinampa mwenye mnara namba tatu za kupanga kwa kila kipande. Muuzaji akikwambia hazijui, mwombe akuletee anayezijua.

Ya kwanza ni sehemu iliyofungwa. Hii ni asilimia ya vitalu ambayo hakuna mwingine anayeigusa, hata kama wewe umelala. Ya pili ni kima cha chini, yaani unachohakikishiwa pale unapohitaji. Usipokihitaji, tofauti kati yake na sehemu iliyofungwa huazimwa na wengine. Ya tatu ni kikomo cha juu, ambacho huwezi kukivuka hata mnara ukiwa mtupu. Tuseme hospitali ina 5, 15 na 40. Vitalu 13 au 14 kati ya 273 ni vyake usiku na mchana. Ikihitaji, inapata hadi 41 bila ubishi. Kutoka hapo hadi 109 inagombea na wenzake.

Vima vya chini vya vipande vyote katika mnara mmoja haviruhusiwi kuzidi asilimia 100 vikijumlishwa. Vikomo vya juu vinaruhusiwa, na kwa kawaida huzidi sana. Ndiyo maana tangazo linalosema "hadi" fulani halimfungi muuzaji wala kukulinda wewe kwa lolote. Wauzaji hupenda kutaja namba ya tatu kwa sababu ndiyo kubwa na ndiyo isiyowagharimu.

Wengi wakisikia hayo hukimbilia sehemu iliyofungwa, wakidhani ndiyo salama kuliko zote. Ni ghali, na mara nyingi ni upotevu. Kipande kilichofungwa kwa ajili ya bandari hakiwafai kitu wauza samaki wa jirani saa ambazo winchi zimesimama, na gharama ya vitalu hivyo vilivyokaa bure imo ndani ya bei yako. Binafsi ningeifunga sehemu ndogo tu, ile inayobeba mambo yasiyongoja hata kidogo, kama ishara za kusimamisha mtambo, na fedha iliyobaki ningeipeleka kwenye kima cha chini.

Wapangaji wakianza kucheza

Hapa ndipo inapoingia nadharia ya michezo. Kwa nini? Kwa sababu ukishaacha kufunga kila kitu, unachopata hakitegemei uamuzi wako peke yako. Kinategemea pia wanavyoamua wapangaji wengine, nao wanakutazama wewe. Tawi hili la hisabati lilipata umbo lake mwaka 1944 katika kitabu cha John von Neumann na Oskar Morgenstern, na mwaka 1950 John Nash akaonyesha kitu ambacho leo kinaitwa msawazo wa Nash: hali ambapo hakuna mchezaji anayeweza kujiongezea faida kwa kubadili mbinu yake peke yake. Angalia kwamba haikusemwa hali hiyo ni nzuri. Wachezaji wanaweza kukwama kwenye msawazo unaowaumiza wote.

Usidhani wapangaji huketi mezani kila nusu milisekunde. Mgawo una tabaka. Mkataba huishi miezi au miaka. Hisa za kila kipande hurekebishwa kwa dakika au sekunde. Muungano wa kampuni za simu uitwao O-RAN, ulioundwa 2018, umeweka viwango vya vidhibiti vinavyofanya kazi kati ya milisekunde 10 na sekunde moja, na vingine vya polepole zaidi ya hapo. Chini kabisa ndipo mnara unapogawa vitalu. Mchezo unachezwa kwenye tabaka la kati, na wachezaji ni programu zilizoagizwa na wapangaji.

Chukua mfano wa kubuni. Kampuni ya simu ina minara miwili, mmoja Kariakoo na mwingine Kigamboni. Wapangaji ni wawili, wamelipa sawa, kila mmoja ana hisa zake, tuziite pointi 100, za kuweka atakako, na kila mnara hugawa vitalu kwa uwiano wa pointi zilizowekwa pale. Mpangaji wa kwanza ana wateja Kariakoo tu. Wa pili ana wateja kote kuwili.

Kama mnara ungegawanywa kwa ukuta, nusu kwa nusu, wa kwanza angepata nusu ya Kariakoo na nusu yake ya Kigamboni ingekaa bure. Kwa pointi mambo yanabadilika. Wa kwanza anaweka 100 zote Kariakoo. Wa pili, kama ni mtu wa kugawa kwa usawa, anaweka 50 na 50. Basi Kariakoo anapata theluthi moja, mwenzake theluthi mbili, na Kigamboni yote ni yake. Lakini kwa nini aweke 50 mahali asipo na mpinzani? Pointi moja Kigamboni inamtosha kuchukua mnara mzima. Anaweka 99 Kariakoo, na huko sasa wanagawana karibu nusu kwa nusu.

Mpangaji wa kwanza ameshuka kutoka theluthi mbili hadi nusu na chembe, bila mtu yeyote kuvunja mkataba. Hata hivyo hajashuka chini ya pale ambapo ukuta ungemweka, na wa pili amepata Kigamboni nzima iliyokuwa ikipotea nusu. Hiyo ndiyo sababu ya watafiti kuupenda mgawo wa hisa: hata wapangaji wakiwa wachoyo, hakuna anayejikuta pabaya kuliko kwenye kuta katika mfano kama huu. Mwaka 2017 Pablo Caballero, Albert Banchs, Gustavo de Veciana na Xavier Costa-Pérez, wakifanya kazi kati ya Uhispania, Texas na Ujerumani, walichambua mchezo wa aina hii kwa kina na kuonyesha masharti ambayo msawazo hupatikana.

Sharti mojawapo linachekesha kidogo. Rudi Kigamboni: ikiwa pointi moja inatosha, nusu pointi pia inatosha, na robo, na moja ya mia. Mpangaji wa pili hana mahali pa kusimama, kila akipunguza anaona bora apunguze tena, na hesabu haifiki mwisho. Kwa hiyo wanahisabati hudai kila mnara uwe na wapangaji wawili au zaidi wenye wateja pale. Mhandisi yeye huweka kiwango cha chini cha pointi na kwenda kunywa chai.

Kwa mnunuzi, funzo la vitendo ni kuuliza kama hisa zako zinaweza kuhamishwa kati ya minara, nani anazihamisha, na kwa haraka gani. Taasisi ambayo watu wake hushinda mjini na kulala pembezoni ikiwa na hisa zisizohama, inalipia Kariakoo ya usiku.

Uliza pia kama mwenye mnara naye ni mchezaji. Rwanda ilikuwa na mfano wa wazi: KT Rwanda Networks, kampuni ya ubia wa serikali na Korea Telecom, ilianza mwaka 2014 kuuza 4G kwa jumla tu, na kampuni za simu ndizo zilizowauzia wananchi. Mwenye minara hakuwa na mteja wa reja reja wa kumpendelea. Nchini Kenya, Equitel, iliyo chini ya kundi la benki ya Equity, hupanga kwenye minara ya Airtel, ambayo ina wateja wake yenyewe. Mipango yote miwili inawezekana na yote ina sababu zake. Ila ukipanga kwa mtu anayekula chungu kimoja nawe, kanuni ya mgawo iandikwe kwa ukamilifu zaidi.

Kima cha chini ni mahali pa kuanzia

Mwaka huohuo wa 1950 Nash alichapisha makala nyingine, hii ikihusu kupatana. Watu wawili wanagawana kitu. Wasipoelewana, kila mmoja anarudi na alichokuwa nacho. Alionyesha kwamba ukikubali masharti machache ya haki, jibu ni moja: mgawo unaofanya zao la nyongeza ya huyu na nyongeza ya yule liwe kubwa kuliko yote. Miaka karibu 50 baadaye Frank Kelly wa Cambridge aliipa mitandao kanuni ya haki kwa uwiano, na ikaonekana kuwa ni kanuni hiyohiyo ya Nash pale kila mmoja anapoanzia sifuri. Minara mingi ya simu hugawa vitalu kwa sura fulani ya kanuni hiyo mpaka leo.

Tafsiri yake kwa mkataba ni hii. Tuseme mnara unatoa megabiti 900 kwa sekunde. Kima chako cha chini ni 100, cha jirani yako ni 300, na wote mna njaa isiyoisha. Zilizobaki ni 500. Kwa kanuni ya Nash mnagawana ziada hiyo sawa, 250 kwa 250, wewe unaondoka na 350 na yeye 550. Umemzidi kelele, umemzidi hata idadi ya watumiaji, haisaidii. Yeye alianzia mbele. Kima cha chini hakikulindi siku mbaya tu, kinakusogeza mbele hata siku za neema. Kama una fedha ya kubanana na muuzaji kwenye namba moja tu, banana kwenye hiyo.

Anayejitia kuwa na shida kubwa

Ugonjwa mwingine wa mgawo ni uongo. Kampuni ikiuliza kila mpangaji anahitaji kiasi gani, na kujibu ni bure, kila mmoja atasema mengi. Dawa moja inatoka kwa William Vickrey, aliyeandika mwaka 1961 kuhusu mnada wa bahasha ambapo mwenye dau kubwa anashinda lakini analipa dau la pili. Wapangaji watatu wanataka asilimia 10 ya ziada jioni moja. Madau ni shilingi 900,000, 700,000 na 400,000. Wa kwanza anashinda, analipa 700,000. Angepunguza dau hadi 750,000 bado angelipa 700,000. Angeshuka chini ya hapo angekosa. Hapati faida yoyote kwa kuficha thamani halisi ya kitu machoni pake. Vickrey alipewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1996 na akafariki siku tatu baada ya kutangazwa.

Mnada huo una udhaifu ambao dalali yeyote anaujua: wanunuzi wawili wakikutana nyuma ya ghala kabla, bei inakufa. Kwenye mnara wenye wapangaji watatu, kukutana nyuma ya ghala ni rahisi sana.

Njia nyepesi zaidi ni kila mmoja kuweka fedha anayotaka, kisha vitalu vikagawiwa kwa uwiano wa fedha. Mtu mjanja ataweka kidogo ili asipandishe bei, na mgawo utaharibika. Kwa kiasi gani? Ramesh Johari na John Tsitsiklis walithibitisha mwaka 2004 kwamba, kwa rasilimali moja yenye ukubwa usiobadilika, ujanja wa wachezaji hauwezi kupoteza zaidi ya robo ya manufaa ambayo yangepatikana kwa mgawo bora. Robo si kidogo. Lakini ni dari inayojulikana, na mhandisi akijua dari anaweza kupanga chini yake.

Katika karatasi yako haya yote yataonekana kama kifungu kimoja cha bei ya ziada. Angalia kama kuweka akiba ya vitalu kuna gharama hata usipovitumia. Ukikuta hakuna gharama, usifurahi haraka: jirani zako nao hawana, na wote mtajiandikia mahitaji ya sherehe.

Ahadi zikizidi mnara

Nilisema vima vya chini vya asilimia haviwezi kuzidi 100. Vya megabiti vinaweza, na hapa ndipo ugomvi wa kweli hutokea. Mnara ulioahidi megabiti 700 unaweza kutoa 600 tu siku watumiaji wengi wako mbali, au mnara jirani ukizimika na watu wake wakahamia hapa. Nani apunguziwe?

Wasomaji wa pwani wanalijua swali hili kutoka kwenye mirathi. Mwanamke amefariki, ameacha mume na dada wawili wa baba na mama. Mume ana nusu, dada wana theluthi mbili, jumla ni saba juu ya sita. Inasimuliwa kwamba suala hili lilipofika kwa Khalifa Umar ibn al-Khattab, mafungu yote yalipunguzwa kwa uwiano: mume akapata tatu ya saba, dada nne ya saba. Ndiyo auli. Sahaba Ibn Abbas naye alikuwa na rai tofauti: wapo warithi wa kupunguziwa na wapo wasioguswa, na hapo mume angebaki na nusu yake kamili.

Sasa weka mnara wa megabiti 600. Hospitali imeahidiwa 300, kituo cha televisheni 400. Kwa auli, hospitali inapata 257 na televisheni 343. Kwa njia ya kipaumbele, hospitali inapata 300 zake zote na televisheni inabaki na 300. Kuna pia njia ya tatu, kutoka kwenye Talmud ya Wayahudi, ambayo Robert Aumann na Michael Maschler waliichambua kwa nadharia ya michezo mwaka 1985: kila mdai kwanza apewe kile ambacho mwenzake hakidai, kisha kinachogombewa kigawanywe sawa. Televisheni inadai 400, hivyo 200 hazina ubishi, ni za hospitali. Hospitali inadai 300, hivyo 300 ni za televisheni. Zimebaki 100, nusu kwa nusu. Hospitali 250, televisheni 350.

Mnara ni mmoja, ahadi ni zilezile, na hospitali inaweza kuamka na 257, 300 au 250 kutegemea kanuni ambayo mara nyingi haikuandikwa popote. Isipoandikwa, itaamuliwa na mpangilio wa kiwandani wa programu ya mnara, jambo ambalo muuzaji aliyekutembelea pengine hajawahi kulifungua.

Mezani

Basi ukiwa na karatasi mbele yako, soma kwa mpangilio huu. Ahadi ni ya asilimia ya vitalu au ya megabiti? Kama ni megabiti, zitapimwa kwenye simu iliyo wapi? Namba tatu ziandikwe, kwa kila mnara unaokuhusu, siyo wastani wa mkoa. Wastani ni maficho mazuri sana. Kipande kinachofanya vizuri sana Bagamoyo usiku kinaweza kufidia kwenye karatasi aibu ya Kariakoo saa sita mchana.

Kisha ukatafute kanuni ya siku ya upungufu. Ukiona neno "jitihada zote", umekuta pengo. Omba lijazwe kwa moja kati ya kanuni zilizotajwa hapo juu au nyingine inayoweza kuhesabiwa kwa kalamu. Uliza mpangaji mpya akija, kima chako cha chini kinabaki? Kampuni inayosema kitabaki inajifunga kutomwuzia mwingine zaidi ya nafasi iliyopo, na hilo lina bei. Ni haki ulipe, ilimradi unajua unalipia nini.

Fidia nayo iangaliwe kwa jicho la mchezaji. Ikiwa kukukosesha megabiti 50 kunamgharimu mtoa huduma shilingi chache kuliko anazopata kwa kuziuza kwingine jioni ileile, atakukosesha, na hatakuwa mwovu, atakuwa anafuata hesabu. Fidia izidi faida hiyo. Wanasheria huiandika kwa mwezi. Waombe waiandike kwa saa, kwa kuwa msongamano huja kwa saa.

Na kabla ya kulipa, jaribu. Saa ya msongamano mkubwa kuliko zote, kwenye kona mbaya kuliko zote ya jengo lako, kwa simu za kawaida za watumishi wako na siyo ile iliyoletwa na muuzaji.

Kwa mwenye bando la kawaida

Wewe usiyenunua kipande uko ndani ya kipande pia, kile cha watu wote, na kwa kawaida kima chako cha chini hakuna aliyekuuliza. Vipande vilivyofungwa vikijumlishwa vikafika asilimia 40, wewe unaishi kwenye 60. Umoja wa Ulaya uliliona jambo hili mapema: kanuni yake ya mwaka 2015 inaruhusu huduma maalumu kama hizi pale tu mtandao unapokuwa na nafasi ya kutosha, na zisishushe ubora wa intaneti ya watu wote. Marekani imekwenda njia nyingine. Kanuni za usawa wa mtandao, yaani data zote kutendewa sawa, zilizopitishwa 2024 zilifutwa na mahakama ya rufaa Januari 2025.

Sharti la Ulaya linahitaji kipimo ili liwe na meno, na kipimo kipo. Kila mnara huhesabu vitalu vilivyotumika, na kampuni ya simu huangalia hesabu hizo kila siku kujua wapi pa kuongeza uwezo. Mdhibiti akizidai kwa kila kipande na kwa kila saa, ataona kama jioni watu wa kawaida walibanwa ilhali vitalu vilivyofungwa vimekaa bure.

Kwa upande wako, intaneti ikizorota kwa mtindo unaojirudia, andika tarehe, saa, mahali ulipo na matokeo ya kipimo cha kasi, na upime pia alfajiri ili tofauti ionekane. Peleka kwanza kwa kampuni yako ya simu na uchukue namba ya lalamiko. Usiporidhika, nenda kwa mdhibiti: TCRA kwa Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya. Katika barua omba jambo moja mahususi, matumizi ya vitalu katika mnara wako kwa saa ulizoziandika, na ni sehemu gani ya vitalu hivyo ilikuwa imetengewa wengine.